Wakala anataka nifiche presha na korona ili nipate bima ya maisha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja hapa Nairobi. Nauza nguo za watoto na kando ya duka nina kibanda cha M-Pesa. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Baba yao tuliachana mwaka wa 2016. Yuko hai, mara ya mwisho nilisikia yuko Mombasa, lakini hatumi kitu na mimi nilichoka kumfuata.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2021, niliugua korona. Ilianza kama homa tu, nikajitibu kwa tangawizi na ndimu, ikafika siku pumzi haitoshi hata kutoka kitandani hadi mlangoni. Nililazwa, nikawekwa kwenye oksijeni, Mungu akanisaidia nikatoka. Ni hapo hospitalini walipogundua kwamba nina presha. Ilikuwa 160 kwa 100. Tangu hapo nameza tembe moja kila asubuhi, na nikienda kliniki siku hizi huwa 130 kwa 85 au karibu na hapo.

Kaka yangu hakupona. Alikuwa mpishi wa hoteli, na korona ilipoingia mwaka wa 2020 hoteli ikafungwa, akarudi nyumbani bila mshahara. Alikuwa na bima ya maisha aliyoilipa karibu miaka miwili. Mwezi wa Aprili hakulipa, wa Mei hakulipa, mwisho wa Juni akafariki. Nairobi ilikuwa bado imefungwa, watu wa kuzika ni 15 peke yake, hata wajomba wengine walimwaga machozi kwenye simu. Mkewe alipopeleka karatasi kwenye kampuni akaambiwa bima ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe. Bili ya hospitali tuliichangisha kwenye kundi la WhatsApp, na deni lingine bado tunalo.

Ndiyo maana nilipotoka hospitalini nikasema lazima nikate bima. Kuna ndugu mmoja wa kanisani kwetu ambaye ni wakala. Amenipa bima ya miaka 15, Sh6,500 kila mwezi. Nikifa watoto wanapata Sh1 milioni, nikiwa hai baada ya miaka hiyo napewa milioni yangu na faida juu. Anasema pia nitapunguziwa kodi. Tulikaa dukani tukajaza fomu. Tulipofika kwenye maswali ya afya akaniambia, "Presha jibu hapana. Korona usiitaje kabisa, ukiitaja wataitupa hii fomu. Ukimaliza miaka miwili hakuna atakayekuuliza." Sikuwa na amani, nikamwambia nitamalizia nyumbani. Fomu iko hapa kwenye droo, haijatiwa sahihi. Ameshanipigia mara kadhaa akisema nimtumie malipo ya kwanza kwa nambari yake ili aisukume haraka.

Mwezi mzuri duka linaniachia Sh40,000 au zaidi kidogo, mwezi mbaya ni kama Sh20,000. Nina mkopo wa Sacco, umebaki Sh180,000. Sehemu ya wanufaika nimeandika majina ya watoto, lakini naogopa baba yao atatokea siku hiyo na kuchukua kila kitu.

Halafu shemeji yangu ananiambia nisichanjwe, kwa kuwa mtu akifa baada ya kuchanjwa kampuni za bima hazilipi, eti chanjo ni ya majaribio. Na mama yangu mzazi hataki kusikia habari hizi. Anasema kukata bima ya maisha ni kujichimbia kaburi. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Wawili, Umoja

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kaka, na pole kwa uliyoyapitia wewe mwenyewe. Nafurahi kwamba fomu bado iko kwenye droo. Iache humo humo, kisha umwombe wakala fomu nyingine safi.

Nitaanza na hilo la kuficha, maana mengine yote yanaweza kurekebishwa baadaye lakini hili haliwezi. Kampuni ya bima haina macho ya kukuona ukiwa kliniki. Inakuuliza maswali, inayaamini majibu yako, na kwa imani hiyo inakubali hatari ya kifo chako. Ukijibu uongo kwa jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao, sheria inawapa nafasi ya kuuvunja mkataba. Na hawatauvunja leo. Leo watapokea Sh6,500 zako kwa furaha, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Watauvunja siku ambayo binti yako atakuja na cheti cha kifo mkononi.

Watajuaje? Mtu akifa mapema baada ya kukata bima, tuseme katika mwaka wa kwanza au wa pili, kampuni hufungua uchunguzi kama jambo la kawaida. Wanaomba ripoti ya daktari, wanaomba faili ya hospitali. Na faili yako mwanangu imeshaandikwa: Aprili 2021, korona, oksijeni, presha 160 kwa 100, ameanzishiwa dawa. Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa na habari za bima, lakini sijaona mahali methali hii inapokaa vizuri kuliko hapa.

Hiyo hadithi ya miaka miwili ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo sababu inauzika. Ni kweli kwamba muda ukipita, inakuwa vigumu zaidi kwa kampuni kuukana mkataba kwa sababu ya kosa dogo la kwenye fomu. Lakini kosa ni kitu kimoja, na uongo uliopangwa mezani na wakala ni kitu kingine. Udanganyifu hauoshwi na kalenda. Tena jiulize: ni nani anayekuhakikishia kwamba utaimaliza hiyo miaka miwili? Kama ungekuwa na hakika hiyo, bima ungeitafutia nini?

Wakala hapati hasara yoyote. Yeye analipwa kamisheni bima ikianza, na kwa bima za maisha zenye akiba kamisheni ya mwaka wa kwanza ndiyo nono. Simwiti mwizi, huenda hata anaamini anakusaidia. Ila sahihi chini ya ile fomu itakuwa yako.

Sasa, je, ukisema kweli watakukataa? Hapa ndipo watu wengi wana hofu kubwa kuliko ukweli wenyewe. Presha ni ugonjwa ambao wapima hatari wa kampuni za bima wanaujua kama viganja vyao, wanakutana nao kila siku. Wanachotaka kujua ni kama imedhibitiwa. Mtu aliyegunduliwa, anayemeza dawa, anayekwenda kliniki na vipimo vyake viko chini ya 140 kwa 90, huyo kwao ni afadhali kuliko yule anayesema hana presha kwa sababu hajawahi kupimwa. Kwa hiyo nenda na kadi yako ya kliniki inayoonyesha vipimo vya miezi hii yote. Nenda pia na ile barua uliyopewa ulipotoka hospitalini.

Majibu yanaweza kuwa manne. Wanaweza kukukubali kwa bei ya kawaida, kukukubali kwa bei iliyoongezwa kidogo, kukwambia usubiri, au kukukataa. Kwa maelezo yako mimi ningetarajia moja ya hayo ya katikati. Wakati wa janga la korona, kampuni nyingi duniani ziliwaambia waliougua wasubiri kwanza baada ya kupona, wengine wiki kadhaa, waliolazwa wakangoja miezi, ili waone kama mapafu na moyo vimerudi sawa. Wewe tangu Aprili umeshasubiri sehemu kubwa ya muda huo bila kujua. Na ukiambiwa ungoje zaidi, ngoja. Kuahirishwa si kukataliwa. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa na kampuni nyingine, na hilo nalo utalazimika kulijibu kwa ukweli, kwa hivyo usikimbilie kampuni tano kwa wiki moja ukirusha fomu kama karata.

Kwenye fomu zilizotoka baada ya korona kuingia unaweza kukutana pia na maswali ambayo kaka yako hakuulizwa. Umewahi kupatikana na korona? Ulilazwa? Uliwekwa kwenye oksijeni? Katika siku 14 zilizopita umekaa karibu na mgonjwa? Umetoka nje ya nchi? Yajibu kama yalivyo. Ukiomba kiasi kikubwa cha fidia wanaweza kukutuma ukapimwe damu, mkojo na moyo, na mara nyingi gharama hiyo ni yao. Kampuni yenyewe haiamui peke yake juu ya viwango hivi. Nayo huwa imejikatia bima kwenye kampuni kubwa zaidi, mfano wa Kenya Re hapa kwetu, na wakubwa hao ndio wanaosema mtu wa milioni kadhaa asipite bila kipimo.

Wenye umri kama wangu tunakumbuka jinsi kampuni hizi zilivyokuwa zikiufunga mlango kwa mtu yeyote mwenye virusi vya Ukimwi. Leo kuna bima za maisha kwa watu wanaotumia dawa za Ukimwi, ARV, na sheria ya Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi au atangaze hali yake ili apate bima, isipokuwa kampuni inaruhusiwa kuweka kiwango cha fidia ambacho ukikivuka inaweza kutaka kipimo. Ninalitaja hili kwa sababu korona nayo itapitia njia hiyo. Mwanzoni kila mtu huogopa ugonjwa asiokuwa na takwimu zake.

Soma kurasa za ndani za mkataba, hasa zinazotaja yasiyolipiwa. Mwaka wa 2020 watu walichanganya sana mambo mawili. Mikataba mingi ya bima ya matibabu ilikuwa na kifungu kinachotenga magonjwa ya mlipuko, na ndipo kelele zilipotoka. Bima ya maisha ni kitu tofauti. Kwa kawaida inalipa kifo cha ugonjwa wowote ule ambao mkataba haukuutenga kwa maandishi, korona ikiwemo. Lakini "kwa kawaida" haitoshi kukulaza usingizi. Mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa, na kama kuna neno janga au mlipuko kwenye orodha ya yasiyolipiwa, mrudishie karatasi zake.

La shemeji yako ni fupi. Si kweli. Uvumi huo ulizunguka nchi nyingi mwaka wa 2021 kwenye WhatsApp, na kampuni za bima za maisha ziliukanusha. Chanjo si sababu ya kunyima fidia. Kwa mtu mwenye presha aliyewahi kuhitaji oksijeni, kama mimi ningekuwa dada yako ningekushika mkono twende foleni pamoja. Muulize daktari wa kliniki yako siku ya kwenda, umweleze na dawa unazotumia.

Tuje kwenye bima yenyewe uliyouziwa. Hata ungejaza fomu kwa ukweli mtupu, mimi nisingekushauri uichukue.

Kaa chini na kalamu. Umeniambia mwezi mzuri unapata Sh40,000. Nikisema nyumba yako inakula Sh30,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba, chakula na karo vikiwa ndani, hiyo ni Sh360,000 kwa mwaka. Mvulana ana miaka 9, mpaka afike 18 ni miaka mingine 9. Jumla ni Sh3,240,000, na hapo sijaongeza kupanda kwa bei wala masomo ya juu ya dada yake. Milioni moja ya wakala itawatunza watoto hao miezi 33. Yaani pesa zitaisha mtoto hajatimiza miaka 12. Na kuipata milioni hiyo wewe utakuwa umelipa Sh6,500 mara miezi 180, ambazo ni Sh1,170,000. Ndiyo, kuna faida juu ukimaliza ukiwa hai. Lakini barua yako haikuniuliza habari za ukiwa hai.

Hiyo ni bima ya akiba. Sehemu kubwa ya pesa unazotoa inakwenda kuwekwa akiba, na sehemu ndogo ndiyo inayonunua kinga ya kifo. Iko nyingine isiyokuwa na akiba ndani, bima ya muda maalumu. Unachagua miaka, tuseme 10. Ukifa ndani yake watoto wanalipwa, ukiimaliza ukiwa mzima hurudishiwi kitu. Mawakala hawaipendi kuitaja, na wateja nao huichukia kwa sababu wanaona kama pesa zimepotea. Lakini kwa pesa zile zile inanunua kinga kubwa mara kadhaa, na ndiyo inayomfaa mama mwenye watoto wadogo, deni na duka moja. Waulize bei ya Sh2 milioni na ya Sh3 milioni kwa miaka 10, presha ikiwa imeandikwa kwenye fomu. Uliza kampuni tatu kabla hujajaza ya yeyote, kuuliza bei hakuachi alama. Akiba yako endelea kuiweka kwenye Sacco, ambako unaweza kukopa dhidi yake ikibidi.

Kuhusu kodi, punguzo lipo kweli. Ni asilimia 15 ya unacholipia bima ya maisha, na halizidi Sh60,000 kwa mwaka. Linakatwa kwenye kodi ya mapato unayodaiwa. Kwa mwenye mshahara linaonekana kwenye hati ya malipo. Kwa mwenye duka dogo ambaye hana kodi ya mapato ya kukatwa, ni maneno matamu tu.

Kaka yako aliumizwa na jambo ambalo halikuhusu korona moja kwa moja. Mikataba mingi humpa mteja siku 30 baada ya tarehe ya malipo. Zikipita bila kulipa, kinga inakoma. Na kabla ya kutimiza miaka ya mwanzo, kwa kawaida mitatu, bima ya akiba haijajenga thamani ya kukomboa, yaani pesa unazorudishiwa ukiivunja, kwa hiyo kulikuwa hakuna hata kiasi kidogo cha kumrudishia mjane. Laiti angewaambia mapema kwamba kazi imeisha, huenda angepunguziwa kiwango cha fidia ili alipe kidogo. Kufufua bima iliyokufa pia kunawezekana, lakini hapo unajaza maswali ya afya upya, na mtu akishaugua ameshachelewa.

Kwa hiyo usipange malipo kwa kutazama mwezi wako mzuri. Tazama ule wa Sh20,000. Sh6,500 ni karibu theluthi ya mwezi huo. Ukiona Sh2,000 ndiyo unayoweza kutoa hata duka likifungwa wiki mbili, nunua kinga ya Sh2,000. Iwe ndogo lakini iwe hai.

Wakati unangoja jibu, nenda Sacco yako na maswali mawili. La kwanza: mkopo wangu una bima? Sacco nyingi hukata bima ya mikopo, ili mwanachama akifa deni lifutwe lisiwafuate wadhamini wake. Kama lako linayo, hizo Sh180,000 zitoe kwenye hesabu. La pili: mna bima ya kikundi kwa wanachama? Bima za kikundi mara nyingi hazimuulizi kila mtu habari za afya yake mpaka kiwango fulani cha fidia, kwa hiyo ndizo rahisi kwa mwenye presha. Hata chama chenu cha wanawake kama mnacho kinaweza kujikatia bima ya mazishi. Muulize muuzaji muda wa kungoja, kwa maana bima za mazishi huwa na mwezi mmoja hadi mitatu ya mwanzo ambapo kifo cha ugonjwa hakilipwi, ajali ndiyo inayolipwa.

Pesa usimtumie wakala kwa nambari yake. Hata awe mzee wa kanisa. Malipo yanakwenda kwa nambari ya Paybill ya kampuni, na ujumbe unaokuja kwenye simu uandikwe jina la kampuni. Wewe una kibanda cha M-Pesa, hili unalijua kuliko mimi. Jina la wakala na la kampuni yake liulizie kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ofisi zao ziko Upper Hill. Leseni za mawakala hutolewa mwaka kwa mwaka, kwa hiyo uliza ya mwaka huu. Ni hao hao unaoweza kuwapelekea malalamiko kampuni ikikuzungusha.

Sasa baba watoto. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi fidia mkononi. Ukiandika majina yao peke yake umeacha swali wazi, na mzazi aliye hai ndiye wa kwanza kuinua mkono kulijibu. Ongeza jina la mdhamini, mtu mzima atakayeshika pesa hizo kwa niaba yao. Fomu nyingi zina nafasi hiyo, na kama haina, waombe karatasi ya ziada. Umemtaja mjane wa kaka yako kwa upendo, labda ni yeye, labda ni dada. Chagua mtu ambaye umewahi kumwona akishika pesa isiyo yake, na umuulize kwanza kama anakubali.

Pamoja na hayo andika wosia. Uutie sahihi mbele ya mashahidi wawili, ambao wasiwe watu unaowaachia mali. Ndani yake taja mlezi unayemtaka kwa watoto. Sitakudanganya, sheria haimfuti baba aliye hai, na mlezi uliyemtaja atalazimika kushirikiana naye. Ila kulea ni jambo moja na kushika fidia ni lingine, na fidia yenye mnufaika na mdhamini waliotajwa kwa kawaida haiingii kwenye mali ya marehemu ambayo watu huigombania mahakamani. Mwanasheria mmoja kwa saa moja atakuwekea mambo haya sawa, na kama hela ni ngumu, FIDA, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake.

Mama usibishane naye. Amezika mwanawe juzi, amekuona na wewe ukibebwa hospitalini, unategemea aseme nini ukimletea karatasi yenye neno kifo? Mweleze kwamba ni karo ya wajukuu. Hata asipokubali, si yeye anayetia sahihi.

Mkataba ukitoka, usome siku hiyo hiyo. Mingi humpa mteja siku chache za kubadili nia na kurudishiwa pesa. Hakikisha nakala ya fomu uliyojaza imebandikwa humo na majibu ni yale yale uliyoyaandika wewe, maana fomu husafiri, na njiani huweza kuguswa. Kisha upige picha mkataba huo, jina la kampuni na nambari yake vionekane, uwatumie mdhamini wako na binti yako. Hapa Kenya tuna mamlaka nzima, UFAA, inayoshikilia mali ambazo wenyewe hawakujitokeza, na fidia za bima za maisha ziko miongoni mwake, nyingine kwa sababu ndogo tu kwamba marehemu hakumwambia mtu.

Wakikupa bei iliyoongezwa au wakikwambia ungoje, niletee barua yao, ukiwa umefuta jina na nambari ya kitambulisho, tuisome pamoja kabla hujajibu.

Shangazi